Kivinjari: Jembe Tusilolichagua

Iko methali ambayo wazee wetu wameitumia tangu zamani kuwanyamazisha wateuzi: mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni kwamba mwenye nia ya kulima hushika jembe lililo karibu akaingia shambani, na yule anayesimama uani akigeuzageuza mipini hana haja ya kulima. Ni methali nzuri. Lakini juma hili, ndugu msikilizaji, nawe unayesoma mazungumzo haya gazetini, nataka tuijadili kidogo, kwa sababu liko jembe moja la siku hizi ambalo karibu kila mkazi wa mjini analo mkononi, analitumia tangu asubuhi hadi anapozima taa, na ni wachache mno waliolichagua wenyewe. Jembe hilo ni kivinjari.

Kwa asiyelifahamu jina hilo, kivinjari ni ile programu ya simu au kompyuta inayokufungulia kurasa za intaneti. Unapotafuta matokeo ya mtihani wa mwanao, unaposoma habari za mpira, unapojaza fomu ya idara ya serikali au kulipia ankara, kivinjari ndicho kinachokwenda huko na kukuletea ukurasa. Jina lake limetoka katika kitenzi kuvinjari, yaani kuzunguka huku na huko ukichungulia, kama afanyavyo askari wa doria. Walioliteua neno hilo walikuwa na jicho kali. Askari wa doria huona mengi, na ni haki ya mwenye nyumba kuuliza anayoyaona anampelekea nani.

Kinachonisukuma kuyazungumza haya ni malalamiko yanayosikika kila mahali, kwenye daladala, kazini, hata msibani. Simu imejaa. Iliyonunuliwa mwaka jana, leo inaandika kwamba nafasi imekwisha. Bando la juma zima linakatika siku ya Jumatano. Ukifungua ukurasa mmoja wa habari, kabla hujasoma mstari wa kwanza umeshafunikwa na tangazo la mkopo, la kamari, na jingine linalokuomba ruhusa ya kukutumia taarifa kila saa. Na aghalabu mlalamikaji humalizia kwa kujilaumu: mimi mvivu, sisafishi simu yangu.

Historia inatoa maelezo mengine. Sehemu kubwa ya takataka hizo haikuletwa na mwenye simu. Iliingia kwa mlango ambao mtu mwingine aliuchagua kwa niaba yake. Na mlango huo una historia ya miaka zaidi ya 35, yenye wataalamu, mabepari, mahakimu na vijana waliokuwa hawajamaliza chuo. Hebu tuifuate.

TIBA YA VURUGU

Jambo la ajabu ni kwamba mtandao huu unaotujazia vurugu ulibuniwa kuwa tiba ya vurugu. Penye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, karibu na mji wa Geneva, ipo maabara kubwa ya fizikia iitwayo CERN. Maelfu ya wanasayansi kutoka nchi nyingi walikuwa wakija pale, wakifanya kazi miaka miwili hivi, kisha wakirudi makwao. Kila aliyeondoka aliondoka na ujuzi kichwani, na karatasi alizoziacha hazikupatikana. Kila mmoja alikuwa na kompyuta ya namna yake, na kompyuta ya huyu haikuelewana na ya yule.

Mwezi Machi mwaka 1989, Mwingereza mmoja aliyefanya kazi hapo, Tim Berners-Lee, aliandika pendekezo la kuziunganisha habari zote hizo, ili ukigusa neno katika waraka mmoja upelekwe kwenye waraka mwingine, hata kama umehifadhiwa katika kompyuta ya mbali. Mkuu wake wa kazi, Mike Sendall, aliandika juu ya waraka huo kwamba wazo lile halijaeleweka vizuri, lakini linasisimua. Kwa maneno hayo machache mtandao ukapata nafasi ya kuzaliwa.

Mwishoni mwa mwaka 1990 Berners-Lee alikuwa amekwisha kuunda kivinjari cha kwanza duniani. Kilifanya kazi katika kompyuta aina ya NeXT, ambazo zilikuwa ghali na chache. Tena kilikuwa na sifa moja ambayo wengi wameisahau: kiliweza kusoma ukurasa na pia kuuandika. Msomaji na mwandishi walikuwa mtu yule yule, na hapakuwa na mtu wa tatu katikati yao. Mwaka uliofuata mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza, Nicola Pellow, akaunda kivinjari cha pili kilichoonyesha maandishi matupu, lakini chenye faida ya kufanya kazi karibu katika kila kompyuta. Naam, tangu siku zile wepesi ulikuwa ndio ufunguo wa kuwafikia watu wengi.

Kisha ikafuata tarehe inayostahili kukumbukwa. Mnamo tarehe 30 Aprili, 1993, CERN ilitangaza kwamba teknolojia ya mtandao ni mali ya umma, kila mtu aitumie bila kulipa. Laiti maabara ile ingeweka kodi mlangoni, pengine leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine kabisa.

VITA YA KWANZA

Mwaka huo huo wa 1993, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, Marc Andreessen na Eric Bina walitoa kivinjari kilichoitwa Mosaic. Hicho kilionyesha picha katikati ya maandishi, na mtu asiyejua kompyuta aliweza kukitumia kwa kubonyeza tu. Watu wakamiminika. Mwaka 1994 Andreessen na mfanyabiashara Jim Clark wakaanzisha kampuni, ambayo baadaye ikaitwa Netscape. Tarehe 9 Agosti, 1995, hisa za kampuni hiyo ziliuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, kila moja kwa dola 28. Siku ile ile, soko lilipofungwa, hisa moja ilikuwa imepita dola 58. Kampuni yenyewe ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja na nusu, wala ilikuwa haijaonja faida ya maana. Hapo ndipo matajiri wa dunia walipofunguka macho: kumbe mwenye mlango wa intaneti ni mtu mkubwa.

Katika kampuni hiyo ya Netscape, mwaka 1994, fundi mmoja aitwaye Lou Montulli alibuni kitu kidogo ambacho tunaishi nacho mpaka leo, nacho ni kuki. Usidhani ni biskuti. Ni maandishi mafupi ambayo tovuti inayaweka ndani ya kivinjari chako ili ikukumbuke ukirudi. Bila kitu hicho, duka la intaneti lingekuwa kama muuzaji msahaulifu: kila ukitoa bidhaa moja rafuni anakuuliza wewe ni nani. Nia ilikuwa njema. Lakini haikuchukua muda wenye matangazo wakagundua kwamba tangazo lililowekwa katika tovuti mia moja linaweza kuacha kuki moja, na kuki hiyo ikamfuata mtu katika tovuti zote mia moja. Alama ya kumtambua mteja ikageuka kuwa kengele shingoni mwake.

Microsoft ndiyo iliyokuwa na programu ya Windows, ambayo iliendesha sehemu kubwa mno ya kompyuta za dunia. Mwezi Mei mwaka 1995 Bill Gates aliwaandikia wakuu wa kampuni yake waraka akiwaambia kwamba intaneti ni wimbi kubwa linalokuja na kwamba kila kazi yao lazima iizingatie. Mwezi Agosti mwaka huo kivinjari chao, Internet Explorer, kikatoka, nacho kiliundwa kwa kununua ruhusa ya kutumia kazi iliyotokana na Mosaic. Netscape ilitaka ofisi na makampuni yalipe. Microsoft ikatoa chake bure. Kisha ikakifunga pamoja na Windows, hata mnunuzi wa kompyuta akakuta kivinjari kimo ndani, na kukiondoa ikawa kazi ngumu.

Je, mtu wa kawaida alikuwa amechagua? La hasha. Alinunua kompyuta, akakuta alama ya buluu kwenye kioo, akaibonyeza. Mwezi Mei mwaka 1998 serikali ya Marekani, pamoja na majimbo kadhaa, ikaishitaki Microsoft. Jaji Thomas Penfield Jackson alikubali kwamba kampuni ilikuwa imehodhi soko na kutumia nguvu hiyo kuwaziba wenzake, na mwezi Juni mwaka 2000 akaamuru igawanywe vipande viwili. Mwaka 2001 mahakama ya rufani iliitengua amri ya kuigawa, ingawa ilikubali kwamba sheria ya ushindani ilivunjwa. Kufikia hapo mgonjwa alikuwa ameshazikwa. Netscape ilikuwa imeuzwa kwa kampuni ya AOL, na Internet Explorer ilikuwa mikononi mwa sehemu kubwa mno ya watu waliotumia intaneti.

MADIRISHA YASIYOALIKWA

Mshindi akalala usingizi. Internet Explorer ya sita ilitoka mwaka 2001, na ya saba haikutoka mpaka mwaka 2006. Miaka mitano nyumba ile ilikaa bila kupakwa chokaa, na hiyo ndiyo miaka ambayo wadudu waliingia.

Aliyewahi kukaa katika intaneti kafe za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala mwanzoni mwa miaka ya 2000, akilipa kwa dakika, atakumbuka hali ilivyokuwa. Unafungua ukurasa mmoja, yanaruka madirisha manne ya matangazo. Unalifunga moja, yanazaliwa mawili. Juu ya kioo kulikuwa na mikanda ya vitufe iliyobandikwa na programu mbalimbali, mmoja chini ya mwingine, mpaka sehemu ya kusomea ikabaki nyembamba kama ufa wa mlango. Na muda ule wote saa ya mwenye kafe ilikuwa inahesabu.

Yale madirisha nayo yana baba yao, na baba huyo hakuwa mtu mbaya. Ethan Zuckerman, aliyefanya kazi katika kampuni ya Tripod huko Marekani miaka ya 1990, ndiye aliyeandika programu ya kufungua dirisha la tangazo peke yake. Sababu ni kwamba kampuni moja ya magari ilikasirika kuona tangazo lake limewekwa ndani ya ukurasa wenye mambo ya aibu. Basi wakaonelea tangazo litokee katika dirisha lake, lisionekane kuwa sehemu ya ukurasa. Mwaka 2014 Zuckerman aliandika makala akaomba radhi kwa dunia. Katika makala hiyo alieleza kwamba kosa la msingi lilikuwa kuifanya intaneti yote iishi kwa matangazo. Ningependa ukumbuke kauli hiyo, ndugu msikilizaji, tutairudia.

KUPOGOA

Hapo ndipo historia inapotupa somo la kupogoa. Kabla Netscape haijafa, mwaka 1998 iliyaweka hadharani maandishi yote ya programu yake, kila fundi wa dunia ayasome na kuyarekebisha. Kazi hiyo ikaitwa Mozilla. Lakini kwa kuwa kila mtu aliongeza chake, Mozilla ikanenepa. Ndani yake mlikuwa na kivinjari, barua pepe, karakana ya kutengenezea kurasa na chumba cha maongezi, vyote katika mfuko mmoja. Ilikuwa nzito na ya polepole.

Mwaka 2002 vijana wachache, miongoni mwao Dave Hyatt na Blake Ross, waliamua kufanya kinyume. Walichukua kivinjari peke yake, wakaondoa kila kisichohusika na kusoma kurasa. Jina la kwanza lilikuwa Phoenix, yule ndege wa hadithi anayefufuka katika majivu. Jina likabadilishwa mara mbili kwa sababu wengine walikuwa nalo, na mwisho likawa Firefox. Tarehe 9 Novemba, 2004, toleo lake la kwanza kamili likatoka. Lilizuia yale madirisha ya matangazo bila kuombwa, na liliweka kurasa nyingi ndani ya dirisha moja, zikipangwa kwa vichupo juu yake kama mafaili kabatini. Hawakushinda kwa kuongeza, walishinda kwa kupunguza. Tena walishinda kwa sababu mamilioni ya watu walikwenda wenyewe kukitafuta kivinjari wakakiweka kwa hiari yao.

Ulaya nayo ilijaribu kuwarudishia watu hiari kwa njia ya sheria. Kuanzia mwaka 2010 Microsoft ililazimika kuwaonyesha wateja wake wa huko orodha ya vivinjari wachague wanachotaka. Kampuni ikaacha kuionyesha orodha hiyo kwa kompyuta nyingi kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mwezi Machi mwaka 2013 ikatozwa faini ya euro milioni 561.

JEMBE JEPESI LA AFRIKA

Sisi wa Afrika Mashariki tuliingia katika historia hii kwa mlango wetu. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufunguliwa Julai 2009, intaneti yetu ilitegemea zaidi setilaiti, na ilikuwa ghali kama dhahabu. Wengi wetu hatukuanzia kwenye kompyuta, tulianzia kwenye simu ndogo ya vibonyezo. Na kivinjari kilichotufaa kilitoka Norway.

Huko, mwaka 1994, Jon Stephenson von Tetzchner na Geir Ivarsøy walianza kuunda kivinjari kiitwacho Opera, wakiwa watumishi wa shirika la simu la Telenor. Mwaka 2005 kampuni yao ikatoa Opera Mini. Ufundi wake ulikuwa huu: ukiomba ukurasa, ombi lako linakwenda kwanza kwenye kompyuta za kampuni. Hizo ndizo zinazouchukua ukurasa, zinaukamua, zinapunguza picha, kisha zinakutumia kilichobaki. Kampuni ilitangaza kwamba ukurasa uliweza kupungua hadi kwa asilimia 90. Kwa mwanafunzi wa Morogoro au mama wa duka kule Kisumu, hiyo ilikuwa tofauti kati ya kusoma na kutosoma.

Hata hivyo kila urahisi una bei yake. Kurasa zikipitia kwenye kompyuta za kampuni ili zikamuliwe, kampuni hiyo inakuwa katikati ya wewe na tovuti. Kwa habari za mpira hilo si neno. Kwa akaunti ya benki, ni jambo la kufikiri mara mbili. Jembe jepesi ni jema, lakini lazima ujue mpini wake umeshikwa na nani mwingine.

MLANGO WA MABILIONI

Tarehe 2 Septemba, 2008, Google ilitoa kivinjari chake, Chrome. Kwa haki ni lazima tukisifu. Kilikuwa safi, vitufe vichache, chenye mwendo. Kila kichupo kilifanya kazi peke yake, kimoja kikikwama vingine havikufa. Kufikia mwaka 2012 hesabu za kampuni ya StatCounter zilionyesha kwamba kimeipita Internet Explorer, na leo karibu theluthi mbili ya matumizi yote ya vivinjari duniani ni yake. Microsoft yenyewe iliinua mikono. Kivinjari chake kipya, Edge, tangu Januari 2020 kimejengwa juu ya msingi ule ule wa Chrome, na Internet Explorer ilistaafishwa rasmi tarehe 15 Juni, 2022. Opera nayo imo juu ya msingi huo. Ukiondoa Firefox na Safari ya Apple, wengi wa hao wanaoitwa washindani ni nyumba tofauti zilizojengwa juu ya msingi mmoja.

Sasa turudi kwenye kauli ya Zuckerman. Google huishi zaidi kwa matangazo. Safari ilizizuia kuki za kufuatana na watu kuanzia mwaka 2020, na Firefox ikazitenga kwa watumiaji wake wote wa kompyuta mwaka 2022, kila moja ikifungiwa katika tovuti yake. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaziondoa katika muda wa miaka miwili. Ikaahirisha. Ikaahirisha tena. Mwaka 2024 ikaliacha jambo lenyewe. Simtukani mtu kwa kusema hivyo. Mwenye shamba la ngano hatarajiwi kupigania bei ya mkate ishuke.

Na kama bado unadhani kwamba kile unachokikuta kimewekwa tayari kwenye simu ni jambo dogo, sikiliza yaliyosemwa mahakamani. Tarehe 5 Agosti, 2024, Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Katika kesi hiyo ilibainika kwamba mwaka 2021 peke yake kampuni ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe ndiyo chaguo lililowekwa tayari katika vivinjari na simu za wengine. Mwezi Septemba mwaka 2025 jaji huyo alikataa kuilazimisha iuze Chrome, lakini akapiga marufuku mikataba ya kuwafungia wengine nje. Hebu jiulize: tajiri gani atatoa dola bilioni 26 kwa kitu kisicho na thamani? Alichokinunua ni ile tabia yetu ya kubonyeza kilicho karibu. Na hata Mozilla, watetezi wa uhuru, sehemu kubwa ya mapato yao hutoka kwa Google hiyo hiyo. Katika soko hili hakuna malaika.

TUFANYE NINI

Basi ndugu msikilizaji, kama hakuna malaika, tuchague kwa kigezo gani? Historia hii inatupa maswali manne.

La kwanza, nani anakilisha kivinjari hiki? Kama kinaishi kwa matangazo, usishangae kikikuletea matangazo. La pili, kinapata marekebisho? Tuliona nyumba iliyokaa miaka mitano bila chokaa. Kivinjari kisichosasishwa ni mlango wenye kitasa kibovu, na simu ya zamani isiyopokea marekebisho haifai kwa mambo ya fedha. La tatu, kinalingana na simu yako na mfuko wako? Mwenye simu ndogo asione haya kuchukua kilicho chepesi, na akiweza, awe na kimoja cha kusomea habari na kingine kwa ajili ya benki na serikali tu. La nne, ukitaka kuhama unaruhusiwa kubeba vyako? Kurasa ulizohifadhi na maneno ya siri ni mali yako. Nyumba ambayo mpangaji hawezi kutoka na kitanda chake hiyo si nyumba ya kupanga.

Kuhusu takataka zilizokwisha kuingia, tunayo methali nyingine inayotosha: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pitia programu za simu yako moja moja. Ambayo haijakufanyia kazi kwa miezi mitatu, iondoe. Ingia katika mipangilio ya kivinjari, tazama orodha ya tovuti ulizozipa ruhusa ya kukutumia taarifa, uzifute, maana nyingi ulizikubali kwa haraka ili ukurasa ufunguke. Ondoa vile viongezo vidogo vilivyobandikwa ndani ya kivinjari ambavyo hukumbuki vilifikaje. Zuia kuki za wageni, yaani zile ambazo hazitoki katika tovuti uliyoifungua. Vichupo vilivyokaa wazi majuma mawili vifunge, na ukurasa unaoupenda uhifadhi kwa jina. Folda ya vitu ulivyopakua usiisahau, kwani huko ndiko kunakolala risiti tatu tatu za malipo yale yale.

Kazi yote hiyo haizidi nusu saa ya Jumapili jioni. Hapo ndipo ninapokubaliana na wazee: asiyefanya lingine ila kugeuzageuza mipini hatalima kamwe, na anayejaribu vivinjari kumi ili apate kilicho bora ameongeza takataka tisa. Chagua kimoja au viwili, kisha ingia shambani.

Lakini methali yetu ilitungwa kwa ajili ya jembe la chuma na mti. Jembe lile halikumwambia mtu ulilima wapi, hukupanda nini, wala kwamba mwezi huu umekwama kifedha na uko tayari kwa mkopo. Halikuja na majembe mengine matatu yaliyofungwa kwenye mpini wake. Na hakuna aliyemlipa fundi mabilioni ili ulikute limeegemezwa mlangoni kwako. Kwa jembe la namna hii mpya, mkulima mwema ni yule anayelikagua kwanza.

Mwaka 1993 wale wa Geneva waliutoa mtandao kwa umma bila kodi. Kilichotokea baadaye hakikuwa amri ya Mungu. Kilikuwa jumla ya mamilioni ya watu waliobonyeza kilichokuwa karibu, na mara moja, mwaka 2004, mamilioni wengine walipoamua kutofanya hivyo, mambo yalibadilika. Leo usiku, kabla hujaiweka simu mezani, tazama ni mlango gani umekuwa ukiutumia miaka yote hii, na ujiulize ni nani aliyeuweka pale.

Hadi juma lijalo, nawatakia kheri.